Mfupa wa Mbwa Umekataa Kushikana: Shida Mara Nyingi Sio Kalsiamu

Kwa magrupu ya WhatsApp ya estate, hasa yale yenye watu wanaofuga, hii posti haikosi. Picha ya mbwa amekaa, mguu umefungwa bandeji chafu, halafu maneno: "Jamani huyu aligongwa na boda, akawekwa plasta, sasa ni mwezi wa 3 na mfupa haujashikana, nifanye nini?" Majibu yanakuja mbio. Mmoja anasema daktari alikula pesa yako bure. Mwingine, mpe supu ya mifupa na maziwa. Mwingine ako na namba ya mzee fulani anayeunga mifupa ya ng'ombe na ya watu, sasa mbwa ni nini. Halafu lazima atokee yule wa kusema mbwa akivunjika mguu ni wa kudungwa sindano alale, stori iishe.

Mimi kazi yangu ni wanyama wadogo hapa Nairobi na nikisoma hayo majibu naona karibu kila mtu anajibu kitu ambacho hakijaulizwa. Wanabishana amekula nini na alitibiwa na nani. Ya kuuliza kwanza ni mawili tu: pale palipovunjika panacheza? Na damu inafika? Ukishapata hayo majibu mawili, mengine karibu yote yanafuata, hata aina ya matibabu, manake mfupa uliokataa kwa sababu unacheza na ule uliokataa kwa sababu hauna damu haujengwi kwa njia moja.

Wacha tuelewane na maneno kidogo. Kuna mfupa uliochelewa, huo unashikana lakini polepole kuliko ilivyotarajiwa, ukipiga eksirei leo na mwezi ujao unaona tofauti hata kama ni ndogo. Kuna mfupa uliokataa, huo kazi imesimama kabisa, picha ya mwezi huu na ya mwezi uliopita na ya ule wa nyuma zote ni moja, na bila mtu kuingilia hautashikana hata ukae mwaka. Halafu kuna ulioshikana kombo, huo umeshika vizuri tu ila umepinda au umejizungusha, hiyo ni shida yake tofauti na siigusi leo. Watu wengi wanaoambiwa "bado" wako kwa ile ya kwanza na wanaanza kuhamahama madaktari wakati walihitaji mwezi mmoja zaidi. Na wengine wako kwa ya pili, wanaambiwa wavumilie, na huko kuvumilia ndiko kunakowaharibia.

"Muda wa kawaida" nao ni upi? Inategemea umri na namna alivyofungwa. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 3 anaweza kushikana kwa wiki 2 au 3. Wa miezi 6 hadi mwaka ni kama wiki 5 hadi 8. Mbwa mzima aliyepita mwaka, kama amewekwa pini au fremu ya nje, hesabu wiki 7 hadi 12. Na kama amewekwa sahani ya chuma na skrubu, mfupa wenyewe unaweza kuchukua miezi 5 hadi mwaka kukomaa kabisa, ingawa anatembea vizuri mapema sana. Hiyo ya mwisho huwachanganya watu, wanadhani chuma kimechelewesha kitu, lakini ni kwamba chuma kikikaza vizuri kabisa mfupa haujengi lile bonge la nje, unapenya moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hiyo njia ni safi lakini ni ya polepole.

Ndani kunaendelea nini

Mfupa uko hai. Una mishipa ya damu, una seli, unajibomoa na kujijenga kila siku. Ukivunjika, damu inamwagika pale katikati na kuganda, na hilo bonge la damu ambalo unaweza kudhani ni uchafu ndilo linaloita seli za ukarabati. Siku chache baadaye panajaa nyama laini nyekundu yenye mishipa midogo midogo. Hiyo nyama polepole inageuka gegedu, kitu kigumu kiasi lakini bado kinapindika, halafu gegedu linaingiwa na madini na kuwa mfupa mchanga, lile bonge unaloliona kwa eksirei limezunguka pale palipovunjika. Mwishowe, kwa miezi na hata miaka, mwili unalichonga bonge mpaka mfupa unarudi karibu na umbo lake. Ngozi ikikatika inabaki na kovu. Mfupa ukipona sawasawa haubaki na kovu, unabaki mfupa.

Nairobi hii ni nani hajaishi karibu na gorofa inayojengwa? Mafundi hawamwagi slabu hewani. Wanasimamisha mirunda, wanamwaga zege, na mirunda inakaa hapo chini wiki kadhaa mpaka zege ishike. Plasta, pini, sahani, fremu, zote hizo ni mirunda tu, hakuna hata moja inayoponya mfupa. Kazi yake ni kushikilia ili kinachoshika kishike, na kama mirunda yenyewe inayumba, usishangae slabu ikijaa nyufa hata kama simiti ilikuwa ya bei.

Sasa kuyumba kiasi gani ndio kunaharibu? Hapa kuna hesabu ndogo ambayo mimi naona kila mtu mwenye mbwa aliyevunjika angeipenda. Mtafiti wa Uswisi, Stephan Perren, mwishoni mwa miaka ya 1970 alieleza kwamba kila aina ya tishu ina kiwango chake cha kuvutika kabla ikatike. Ile nyama laini ya mwanzo inaweza kuvutika mpaka urefu uwe mara mbili, yaani asilimia 100, na bado iko. Gegedu linavumilia kama asilimia 10. Mfupa ni kama asilimia 2 peke yake, ukizidisha hapo unakatika.

Chukua mvunjiko safi, mstari mmoja, pengo la milimita 1. Plasta imelegea kidogo, na kila mbwa akikanyaga mfupa unacheza nusu milimita. Nusu kwa moja ni asilimia 50. Nyama laini itaishi hapo, gegedu halitaweza, mfupa usiulize. Kila uzi wa gegedu ukijaribu kuvuka unakatwa, unaanza tena, unakatwa tena. Sasa chukua mguu uliopondwa na matatu, vipande ni vingi, na eneo lote lililovunjika ni milimita 10. Ukicheza nusu milimita ile ile ni asilimia 5 tu, inagawanywa kwa urefu wote huo, na gegedu linaota vizuri. Ndio maana unaweza kukuta mvunjiko wa kutisha umeshikana na ule ambao uliambiwa "ni kaufa kadogo tu" umekataa, halafu mwenye mbwa anaanza kushuku majirani.

Na mwili hauna ujinga. Ukiona pengo ni dogo na linachezeshwa sana, unaanza kula ncha za mfupa ili pengo lipanuke na ule mvutano ugawanyike. Kwa eksirei ya wiki ya 3 au ya 4 utaona pengo limekuwa kubwa kuliko siku ya kwanza na moyo unakudunda, lakini si lazima iwe habari mbaya, inaweza kuwa ni mwili unajitafutia nafasi. Habari mbaya ni kama kuchezacheza kunaendelea miezi na miezi. Hapo ncha zinaziba, ile tundu ya uboho inafungwa na mfupa mgumu, katikati panabaki nyama ngumu ya nyuzinyuzi, na wakati mwingine panatengenezwa kabisa kifuko chenye majimaji. Yaani mwili umekata tamaa ya kuunganisha, umeamua hapa patakuwa jointi. Mbwa anakuwa na jointi katikati ya mfupa. Ukishika mguu wake unapinda mahali mguu haupindi, na cha ajabu mara nyingi hata halii, manake maumivu ya mwanzo yalishaisha.

Damu nayo

Mfupa mrefu unapata damu kutoka ndani, kwa uboho, na kutoka nje, kwa utando unaoufunika na nyama iliyoushika. Ukivunjika, ile njia ya ndani mara nyingi inakatika, kwa hivyo kwa wiki za kwanza unategemea sana nyama ya nje. Mfupa wa paja umezungukwa na nyama nene pande zote, una bahati. Sasa shika mguu wa mbele wa mbwa mdogo, hapo juu kidogo ya kiganja. Unashika nini? Ngozi, kano, mfupa. Nyama hakuna.

Na hawa mbwa wadogo ndio wamejaa kwa apatimenti siku hizi. Chihuahua, Maltese, Yorkie, Pomeranian, mbwa wa kilo 2 au 3 anayekaa gorofa ya 6 Kileleshwa au Ruaka. Hahitaji kugongwa na gari. Anaruka kutoka kwa sofa, au mtoto anamwangusha kutoka mikononi, na ile mifupa miwili ya mguu wa mbele inakatika pamoja, karibu kila mara sehemu ile ile ya chini. Kuna utafiti wa 1997 uliolinganisha mishipa ya damu ndani ya mmoja wa hiyo mifupa miwili, unaitwa radius, kwa mbwa wadogo na wakubwa, ikaonekana wadogo wana mishipa michache zaidi hapo hapo chini ambapo wanavunjikia. Weka hiyo pamoja na mfupa wa upana wa milimita chache, na ukosefu wa nyama, na mbwa ambaye hatulii hata dakika. Hapo ndipo plasta inashindwa sana, na si siri, vitabu vya upasuaji vya wanyama vimeandika hivyo miaka mingi: mvunjiko wa chini wa mguu wa mbele kwa mbwa mdogo, nenda kwa sahani moja kwa moja.

Hawa wakija kliniki baada ya miezi yao 3 ya plasta sehemu nyingine, huwa najua kabla ya picha. Unakata plasta, harufu inakupata kwanza, pamba ya ndani imelowa mkojo na kukauka na kulowa tena, kuna kidonda pale plasta ilikuwa inasugua kiwiko, na mguu wenyewe umekonda mpaka ngozi imelegea juu yake. Ukipiga eksirei, ncha mbili za mfupa zimechongoka, zimekuwa nyembamba na zimeachana, hakuna bonge, hakuna wingu, hakuna chochote katikati. Kwa mfupa kama huo plasta nyingine ya miezi 2 ni pesa ya kutupa.

Sisemi plasta ni mbaya. Mtoto wa mbwa mwenye mvunjiko usioachana, mfupa mmoja umevunjika na wa pembeni yake ni mzima, chini ya goti au chini ya kiwiko, plasta itafanya kazi safi na utaokoa pesa. Sharti ni kwamba plasta ishike jointi ya juu na ya chini ya mvunjiko, na ncha za mfupa ziwe zimegusana angalau nusu ya upana wake kwenye picha ya mbele na ya kando, zote mbili. Picha moja haitoshi, mfupa unaweza kuonekana umekaa sawa kutoka mbele na kutoka kando ukute umepitana kabisa. Na plasta ikaguliwe kila wiki, mtoto wa mbwa anakua, plasta haikui. Kitu ambacho hakifai kabisa ni plasta ya mfupa wa paja au wa mkono wa juu karibu na bega. Huwezi kushika jointi ya nyonga kwa plasta ya kawaida, kwa hivyo inaishia pale pale palipovunjika, inaning'inia na uzito wake wote, na badala ya kutuliza inatingisha zaidi kuliko kama ungeacha bila kitu.

Pini nayo ina yake. Ile pini ya kupitisha ndani ya uboho ni rahisi, na inazuia mfupa kupinda vizuri sana, lakini haizuii kuzunguka. Ukiiweka peke yake kwa mvunjiko wa mstari mmoja, vipande vinazungukana polepole kila hatua. Inahitaji usaidizi, waya, au fremu ya nje, au sahani. Na kwa ile mifupa ya mguu wa mbele haifai, tundu la ndani ni jembamba na ukiilazimisha unaharibu jointi ya kiganja. Mifupa mingi iliyokataa inaanzia hapa: chuma kiliwekwa, ndio, lakini ni kidogo kuliko kazi iliyohitajika.

Aliyejitahidi na aliyekufa moyo

Mwaka wa 1976 Weber na Cech waliigawa mifupa iliyokataa kwa makundi mawili makubwa, na mpaka leo ndio mgawanyo unaotumika kwa watu na kwa wanyama. Kundi la kwanza ni la mifupa iliyo hai. Kwa eksirei unaona bonge kubwa pande zote mbili, limetanuka, mpaka madaktari wanaliita mguu wa ndovu, lakini katikati kuna mstari mweusi ambao haujafungwa. Huyu ana damu, ana nguvu, amejenga na kujenga, ila panacheza. Kundi la pili ni la mifupa iliyokosa uhai: ncha zimekonda, au kuna kipande kimekufa katikati, au kuna pengo kubwa kipande kilipotea, na bonge hakuna.

Kwa nini nakusumbua na hayo? Kwa sababu ukikutana na daktari anayetaka kufanya operesheni ya pili, swali lako la kwanza ni hili: ni wa aina gani?

Kama ni mguu wa ndovu, dawa yake ni kutuliza tu. Unaweka sahani inayobana vipande vikaze pamoja, na lile gegedu ambalo lilikuwa limekwama pale katikati linageuka mfupa lenyewe. Hauhitaji kukwangua kila kitu, hauhitaji hata kupandikiza mara nyingi. Ukiukwangua sana unaharibu kazi ambayo mwili ulishafanya.

Kama ni ule uliokonda, sahani peke yake haitoshi, unaweza kuikaza mpaka kesho. Hapo lazima mfupa uliokufa uondolewe, ncha zikatwe mpaka zitoe damu, ile tundu ya uboho iliyozibwa itobolewe ifunguke, halafu upandikize mfupa mpya. Mfupa wa kupandikiza unatoka kwa mbwa mwenyewe, sehemu laini ya ndani ya bega, au ya nyonga, au chini ya goti, unachotwa na kijiko cha upasuaji kupitia tundu dogo. Unaonekana tu ni chembechembe nyekundu zenye mafuta lakini mle ndani kuna seli hai, na ndio maana unakaa kwa kitambaa kilicholowa damu yake mwenyewe mpaka dakika ya kuuweka, ukikauka umepoteza. Mguu utafupika kidogo kwa sababu ya kukata ncha na hiyo sio shida kubwa, mbwa anafidia kwa kunyoosha viungo vingine.

Kwa pengo kubwa sana kuna njia ya Gavriil Ilizarov, daktari aliyefanya kazi Kurgan huko Siberia kuanzia miaka ya 1950: fremu ya duara nje ya mguu, unakata mfupa sehemu yenye afya na kuvuta kipande milimita 1 kwa siku, ukigawanya robo robo mara 4, na mfupa mpya unajaza nyuma yake. Inafanya kazi kwa mbwa. Inataka subira na mwenye mbwa asiyesahau. Kuna pia protini za kuamsha mfupa, ambazo Marshall Urist wa Marekani aligundua dalili zake 1965 na zikaja kuruhusiwa kwa watu huko Marekani 2002, nazo hutumika kwa wanyama kesi zikiwa ngumu. Ni ghali. Ukiambiwa kuhusu mashine za mawimbi ya sauti za kuharakisha mfupa, ujue utafiti mkubwa uliochapishwa 2016 kwa watu waliovunjika muundi haukupata faida yoyote, kwa hivyo pesa yako kaa nayo kwanza.

Kitu kingine, chuma kikubwa kupita kiasi nacho kina shida yake. Mfupa unajijenga kulingana na mzigo unaobeba, Julius Wolff aliyaandika haya 1892, na kwa mbwa wa kilo 2 ukiweka sahani nene ikabeba uzito wote, mfupa ulio chini yake unakonda. Siku ukitoa chuma chote mara moja unaweza kuvunjika tena. Kwa hivyo kuna wakati tunatoa skrubu chache chache, au tunaacha chuma maisha yote kama hakimsumbui.

Usaha

Mvunjiko ambao mfupa ulitoboa ngozi, au operesheni iliyoingia uchafu, unaweza kuleta maambukizi ndani ya mfupa. Dalili ni tundu dogo la kutoa usaha linalofunga na kufunguka tena kila ukimaliza dawa. Watu wengi wanadhani usaha ukiingia mfupa hauwezi tena kushikana. Unaweza, kama umetulizwa vizuri. Kinachouzuia ni chuma kilicholegea pamoja na kipande kilichokufa ambacho antibayotiki haifiki kwa sababu damu haifiki. Kwa hivyo kipande kinatolewa, sampuli inapelekwa maabara ijulikane ni dawa gani inafanya kazi, dawa inatolewa wiki nyingi, mara nyingi 6 au zaidi, na chuma kinachoshikilia vizuri kinaachwa mpaka mfupa ushikane ndipo kitolewe. Kubadilisha antibayotiki kwa kubahatisha kila wiki 2 ni kuwafunza wadudu kuizoea dawa.

Sasa yale majibu ya grupu

Kalsiamu. Mbwa mzima anayekula chakula kamili hakosi kalsiamu ya kuunga mfupa, na kumwongezea vidonge hakuharakishi kitu. Watoto wa mbwa wakubwa, Jamani Shepadi, Rottweiler, Boerboel, ukiwajaza kalsiamu unaharibu mifupa inayokua. Pale ambapo lishe ni shida kweli ni kwa mtoto wa mbwa anayelishwa nyama au matumbo peke yake, au ugali na mchuzi: nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mwili unaanza kuiba kalsiamu kutoka kwa mifupa, na mfupa unavunjika akiruka tu. Huyo badilisha chakula, huo ndio msingi wa matibabu yake. Supu haina ubaya, mpe akitaka, ila isiwe na vitunguu, na ile mifupa iliyochemshwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha.

"Ameanza kukanyaga, amepona." Hapana. Mbwa anakanyaga maumivu yakipungua, na maumivu hupungua wiki nyingi kabla ya mfupa kukomaa. Wengi wanaharibu hapa, wanamfungulia akimbie kwa kompaundi wiki ya 4, chuma kinapinda au skrubu zinang'oka. Anatoka kwa kamba, dakika chache, kujisaidia, anarudi. Lakini pia asifungiwe tu bila kutumia mguu, hasa mtoto wa mbwa aliyevunjika paja: misuli ya mbele ya paja inaweza kukakamaa na kushikana na mfupa mpaka goti halipindi tena, na hiyo ni ngumu kuirudisha kuliko mvunjiko wenyewe.

Dawa ya maumivu ya kwako. Tafadhali. Paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja. Ibuprofen na diclofenac zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Na zile sindano za dexa (dexamethasone, dawa ya steroidi) ambazo watu wanachukua agroveti "apunguze uvimbe", hizo zinapunguza uvimbe kweli na pia zinazorotesha kuungana kwa mfupa.

Mzee wa kuunga mifupa. Kwa ndama au mbuzi mdogo aliyevunjika chini kabisa ya mguu, vijiti vilivyofungwa vizuri vinaweza kusaidia, hao wanapona haraka na wanatulia. Kwa mbwa ninachokiona ni kamba iliyokazwa mpaka mguu umevimba chini, baridi, na vidole vimeanza kuwa vyeusi. Kukanda pale palipovunjika nako ni kile kile cha asilimia 50 nilichosema juu.

Ile ya sindano alale inatokana na farasi. Kwa farasi ina ukweli, ila sababu si mfupa peke yake, ni uzito: lazima asimame kwa miguu yote, na ule mzima ukibebeshwa mzigo kwato zake zinaugua. Barbaro, farasi wa mbio wa Marekani, alivunjika mguu wa nyuma Mei 2006, akawekewa sahani na skrubu, na akaishi mpaka Januari 2007. Kilichommaliza ni ugonjwa wa kwato. Mbwa na paka hawana hiyo shida.

Kabla hujakubali operesheni ya pili, itisha picha zote za nyuma, sio ya leo peke yake, zipangwe kwa tarehe. Uliza panacheza wapi, uliza damu iko, uliza usaha umepimwa, uliza mara hii kitabadilika nini. Kama jibu ni "tutaweka chuma kile kile tena" bila sababu, tafuta maoni mengine. Shule ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete, na Kenya Veterinary Board ndiyo inayosajili madaktari, kwa hivyo unaweza kuhakikisha mtu kabla ya kulipa.

Na kama pesa imeisha au mguu umeshaharibika sana, kukata mguu si kumwonea. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito kwa miguu ya mbele, kwa hivyo kupoteza wa mbele ni kugumu kidogo kuliko wa nyuma, lakini wote wawili wanazoea, na paka ndio hata hukumbuki baada ya muda kwamba alikuwa na 4. Angalia tu miguu iliyobaki iwe mizima, na usimwache anenepe. Mbwa mzito sana, au mwenye nyonga zilizochoka tayari, huyo zungumza na daktari vizuri kwanza, kwake operesheni ya kuunga inaweza kuwa na maana hata kama ni ya mara ya 3.